Rozari Mbili na Shanga Tatu

Umewahi kuona rozari ikikamatwa na watu wa usalama?

Mimi nimeiona. Likasi, mwaka wa sabini na tano. Ililazwa juu ya meza ya ofisi, kushoto kwake mkanda mmoja wa injini, kulia mkanda mwingine uliokatika, na sisi watu wazima tumesimama tunaitazama kana kwamba itafungua kinywa ijitetee.

Afisa aliichokora kwa ncha ya kalamu. Hakutaka kuigusa kwa kidole.

"Iyi njo iliharibisha gari?" akauliza.

"Njo iyi, chef," akajibu patron wangu, mwenye gereji, bila aibu hata kidogo.

Nitasimulia tangu mwanzo. Ila niseme mapema: katika kisa hiki kuna watu wengi wa kudharauliwa. Nitawapitia mmoja mmoja. Yule anayestahili kuliko wote nimemweka mwisho.

Tuanze na gereji.

Ilikuwa ya Mgiriki mmoja. Halafu serikali ikatangaza kwamba biashara za wageni sasa ni za wananchi, na kwa wananchi walimaanisha wale waliojua kupiga makofi kwa sauti. Mgiriki akafunga masanduku yake akaondoka. Gereji akapewa Octave.

Kwenye karatasi hakuitwa Octave. Siku zile majina ya ubatizo yalikuwa marufuku, kwa hiyo alijichagulia jina la mababu, refu hivi kwamba mwenyewe alikuwa analisahau katikati. Mbele yake tulimwita Citoyen Patron, yaani Mwananchi Bosi. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Octave, kwa sababu tulijua linamkera.

Octave hakujua gari hata moja. Wiki ya kwanza alikuta nimemwaga oili chafu kwenye beseni, akaniuliza kwa nini tusiichuje kwa kitambaa tukairudisha kwenye injini. Wiki ya pili akauza winchi ya kuinulia injini, eti inakula nafasi. Tangu hapo injini tuliinua kwa mabega.

Debe tupu haliachi kuvuma. Kila asubuhi alitupanga mstari akatuhutubia juu ya maendeleo, abacost, lile koti la chama, imembana kooni, na sisi tunahesabu nzi.

Nilimdharau. Namdharau mpaka leo, ingawa alishazikwa.

Mimi naitwa Isidore. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya ufundi, na nilisoma katalogi ya vipuri kwa Kifaransa bila kukwama. Hapo gerejini hakuna mwingine aliyeweza. Basi nikajiona mimi ndiye mtu, wengine wote ni wa kusukuma gari.

Nilimdharau fundi wa breki, aliyepima kwa jicho. Nikawadharau wateja, waliosema gari "inakohoa" kana kwamba wameleta mgonjwa.

Lakini dharau yangu ya kila siku, ile ya asubuhi mpaka saa ya kufunga, niliiweka kwa Papa Damas.

Papa Damas alikuwa magasinier, mtunza stoo ya vipuri. Alifanya kazi na Mgiriki miaka kumi na minane. Kusoma hajui. Jina lake mwenyewe alilitambua kwa umbo tu, jinsi mtu anavyomtambua mbuzi wake kati ya mbuzi wa jirani.

Hata hivyo ungemwambia unataka plagi za Peugeot, angeingia kwenye rafu za nyuma zisizo na taa akarudi nazo mkononi. Hilo lilinikera pia.

Alikuwa na sheria moja, aliirithi kwa Mgiriki. Kipuri kipya hakitoki mpaka cha zamani kiletwe. Anavilaza viwili pamoja, mgongo kwa mgongo, anapima. Vikilingana, anatia kidole gumba kwenye wino, anagandamiza kwenye karatasi ya kutolea, unachukua. Visipolingana, hata uje na bunduki.

Na mikanda ya injini aliipima kwa rozari.

Kwa wasiojua magari nieleze kidogo. Ndani ya injini nyingi kuna mkanda wa mpira wenye meno. Unashika gurudumu la chini na gurudumu la juu, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Sisi tuliuita courroie.

Sasa, ukikosea aina ya mkanda huo, yaani ukiweka wenye jino moja pungufu, au mwembamba zaidi, au wenye meno ya duara mahali pa meno ya pembe, injini inaweza kuwaka vizuri kabisa. Unaendesha, unafurahi, unapiga honi. Halafu siku moja mkanda unakatika njiani, pistoni zinazigonga valvu, na injini yako imekuwa chuma chakavu.

Papa Damas aliweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Rozari mkono wa kushoto, mkanda mkono wa kulia. Jino moja, shanga moja. Midomo inacheza. Sijui kama alikuwa anasali au anahesabu, nadhani vyote viwili. Mwenye gari alikuwa anamaliza sigara nzima akimsubiri.

Octave hakuipenda ile rozari. Mwaka ule misalaba ilikuwa imeshushwa kwenye madarasa, na yeye aliogopa chama kuliko alivyomwogopa Mungu.

"Papa, ile kitu uifiche," alimwambia. "Batu ba chama bakiiona, batasema nini?"

"Batasema ninahesabu, patron," Papa Damas akajibu, akaendelea.

Basi siku hiyo likaja gari dogo la Kiitaliano, jekundu. Mwenyewe ni mkubwa mmoja wa chama. Jina lake silitaji, siyo kwa hofu, ni kwa sababu halistahili wino.

"Kesho asubui niko naenda Lubumbashi, ku défilé," akatuambia, bado amekaa ndani ya gari. "Nitakaa ku siège ya nyuma ya bakubwa, rangée ya pili. Gari ikinikatalia mu njia, mutajua minye ni nani."

"Citoyen, mu garage yetu hakuna gari inakatalaka," Octave akasema, akamfungulia mlango kama dereva wake.

Nikafungua kifuniko cha mkanda. Ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Ungeweza kukatika hata hapohapo gerejini.

"Courroie imekwisha," nikasema.

"Tuko nayo," Octave akasema kwa fahari. "Minye mwenyewe niliileta."

Kweli, mwezi uliopita alirudi kutoka Lubumbashi na maboksi matano ya vipuri aliyopata kwa mfanyabiashara fulani. Siku zile vipuri vilikuwa shida, na watu walikuwa wanajaza maboksi ya zamani kwa chochote kilichopatikana. Octave hakulijua hilo. Mimi nililijua.

Nikashika boksi. Lilikuwa safi, namba imechapwa ubavuni. Nikafungua katalogi mbele ya mkubwa wa chama, taratibu, anione. Nikatelezesha kidole kwenye mstari. Namba ya boksi na namba ya kitabu zililingana, mpaka herufi ya mwisho.

"Ni yenyewe," nikatangaza.

Papa Damas alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo.

"Lete ile ya zamani," akasema.

Mkubwa wa chama akatazama saa. Octave akakunja uso. Lakini mzee ameshachukua mkanda wa zamani, ametia chaki, ameanza. Jino, shanga. Jino, shanga. Tukasubiri.

"Rozari mbili na shanga tatu," akasema.

Akachukua mkanda mpya. Chaki. Jino, shanga.

"Rozari mbili na shanga mbili." Akauweka mezani. "Inakosa jino moja. Hii haiko yake. Siitoshe mu magasin." Kutosha, kwetu, ni kutoa.

Mkubwa wa chama akamtazama Octave, Octave akanitazama mimi. Damu ikanipanda usoni. Mimi mwenye diploma, nimetangaza mbele ya watu, na mzee asiyejua kusoma ananikanusha kwa shanga.

"Ile ya zamani imevutika, Papa," nikasema. "Mupira inavutikaka na miaka. Njo maana inaonekana murefu."

Papa Damas akanijibu polepole, kama anamsaidia mtoto.

"Mupira inaweza kuvutika. Lakini jino haiote."

Fundi wa breki akaguna kwa kicheko. Yule wa kupima kwa jicho, ananicheka mimi.

Hapo nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nauma ulimi. Nikampokonya mzee rozari yake mkononi. Nikaanza kuhesabu shanga kwa sauti, moja baada ya nyingine, watu wote wanasikia. Mimi pia ni Mkatoliki. Nilijua rozari nzima ina shanga hamsini na tisa.

Ya Papa Damas ilikuwa na hamsini na nane. Mahali pamoja shanga ilikuwa imepasuka zamani, na yeye akafunga fundo la uzi akaendelea na maisha.

Nikaiinua juu.

"Cinquante-huit," nikasema kwa sauti ya mwalimu. "Rozari yenyewe inakosa. Papa, kipimo yako iko pengo, njo maana kila kitu unaiona pengo."

Wakacheka. Octave alishika tumbo. Fundi wa breki alihama upande wangu mara moja. Mkubwa wa chama hakuelewa chochote, akacheka kwa kuwa wengine wanacheka, na ndivyo alivyopanda vyeo vyake vyote.

Papa Damas aliichukua rozari yake, akaizungusha kwenye kiganja. Akasema, siyo kwa sauti kubwa:

"Zote mbili nilipima na ileile."

Basi, hayo tu.

Octave mwenyewe akauchukua ule mkanda mpya kutoka mezani akanipa. Akamsogezea mzee karatasi ya kutolea atie kidole. Mzee akakataa.

"Sitie kidole ku kitu sikutosha," akasema, akarudi ndani ya stoo yake.

"Tutajaza nyuma," Octave akasema, yaani baadaye, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Nikafunga mkanda. Uligoma kuingia. Ilibidi nisogeze roda ya kukazia mpaka mwisho kabisa wa nafasi yake, na bado ulikuwa umekaza kama uzi wa gitaa. Injini ilipowaka, ukapiga mluzi mwembamba.

"Iyi sauti ni ya nini?" mkubwa wa chama akauliza.

"Ni ya upya, Citoyen," Octave akamwambia. "Kitu ya mupya inaimbaka."

Kesho yake, karibu na Kapolowe, ikaacha kuimba.

Habari kamili tuliipata baadaye. Mkubwa wa chama alikaa kando ya barabara saa nne za jua, amevaa abacost mpya, beji kifuani, anapungia magari mkono na hakuna anayemtambua. Mama mmoja wa kijijini akamuuliza kama anauza mihogo au ananunua. Gwaride likapita bila yeye, na ile rangée, safu ya pili, haikuona pengo. Akarudishwa Likasi na lori la makaa, ameketi juu ya magunia, amekuwa mweusi mpaka kwenye kope.

Nilipomwona anashuka nilicheka moyoni. Kicheko kilidumu mpaka nikakumbuka nani alifunga ule mkanda.

Asubuhi akaja na watu wawili wa usalama. Neno lilikuwa moja tu, na siku zile likitamkwa hutafuti wakili, unatafuta blanketi: sabotage, hujuma.

Octave hakungoja hata kuvuta pumzi.

"Ni magasinier," akasema. "Yeye njo alitosha ile courroie. Na iko na rozari mu kazi, hata minye nilimukatazaka."

Akatoa karatasi ya kutolea. Imeshajazwa. Jina la Papa Damas limeandikwa, na mahali pa kidole gumba pana msalaba wa kalamu, msalaba ambao mzee hakuwahi kuutia katika miaka yake yote ya kazi. Yeye alitia kidole, siku zote.

Tukapelekwa wote. Ndipo tukafika kwenye ile meza niliyowaeleza.

Afisa alikuwa mtu wa kujikuna shingo. Akasema atahesabu meno mwenyewe. Akaanza na mkanda wa zamani, akapotea kwenye arobaini. Akaanza tena, akapotea. Mara ya tatu akauangusha, akautupa mezani, akasema: "Ni sawasawa tu." Mtu anayeweza kumfunga mwenzake alikuwa hawezi kuhesabu mpaka mia.

"Nilibakatalia, chef," Papa Damas akasema. "Nilisema inakosa jino."

"Nani alisikia?"

"Hakuna alisikia, chef," Octave akadakia.

Afisa akanigeukia mimi.

"Weye wa diplôme. Weye njo ulifunga. Muzee alikwambia kama courroie haiko yake?"

Elewa vizuri swali lile lilikuwa nini. Nikisema ndiyo, Papa Damas anarudi nyumbani kwa mkewe, Mama Marcelline, na mtu mwingine anakwenda Buluo kwenye gereza. Na huyo mtu mwingine alikuwa na jina langu.

Nilimtazama Octave. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikawaza, mtu huyu ni wa bure kabisa, ataokoa ngozi yake kwa ngozi ya mzee.

Halafu nikafungua mdomo.

"Sikusikia, chef," nikasema. "Kulikuwa makelele ya moteur."

Hakukuwa na injini yoyote iliyokuwa inawaka. Kulikuwa kimya hivi kwamba tulisikia shanga zikigongana.

Papa Damas akageuka akanitazama. Alikuwa na namna yake ya kutazama kipuri ambacho bado hana hakika nacho, anakigeuza geuza. Aliniangalia hivyo, muda mfupi tu, kisha akaangalia pembeni. Alikuwa amekwisha kunipima.

Wakampeleka Buluo. Rozari ikabaki ofisini, eti ni ushahidi.

Jumamosi ile Mama Marcelline akaja gerejini. Mama mfupi, magoti mabovu, kitambaa cha kichwa kimefungwa imara. Akanifuata mimi moja kwa moja.

"Isidore, mutoto yangu," akasema. "Weye uko na kinga. Dimanche, kisha misa, utanipeleka Buluo? Nimubebee Damas chakula."

Kinga ni baiskeli. Nilikuwa nayo, nyeusi, imara.

"Nitakupeleka, mama," nikasema.

Nikampeleka. Na Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Yeye nyuma kwenye kiti, beseni la bukari na sombe, ugali na kisamvu, limefungwa kwenye kitambaa mapajani, mimi nakanyaga. Kwenye vilima anashuka, tunasukuma wote wawili, hatuongei. Gerezani anaingia yeye. Mimi nabaki nje nashika baiskeli, nasingizia wezi.

Kila tuliporudi, akishuka mlangoni kwake, alisema maneno yaleyale.

"Aksanti, Isidore. Mungu iko anakuona."

Na mimi niliyapokea kama baraka. Hebu fikiria unene wa uso wangu. Mwezi wa kwanza nilikuwa silali vizuri. Mwezi wa pili nilikwisha kujisamehe. Mwezi wa tatu majirani walikuwa wananisifu kwa wema wangu, na mimi nilikuwa naanza kukubaliana nao. Huku nyuma naendelea kumsema Octave kwa kila aliyekuwa na masikio, kwamba ni mwongo, kwamba alighushi karatasi, kwamba mtu kama yule hata mbwa wake anamwonea haya.

Siku moja mlinzi akanisukuma ndani nibebe beseni, kwa kuwa Mama Marcelline magoti yalikuwa yamemshika. Nikakutana na Papa Damas uso kwa uso.

Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na rozari mpya. Aliitunga mwenyewe kwa punje za mahindi na uzi alioufumua kwenye shati.

"Beba iyi," akaniambia. "Peleka ku magasin. Bintu bisitoke bila kupimwa."

Nikaihesabu kwa macho, tabia mbaya haifi. Hamsini na nane.

"Papa, mahindi ilikuwako. Mbona haukutia ya cinquante-neuf?"

"Haina kazi," akasema. "Kipimo ikikosa kidogo, haina neno. Mubaya ni kupima uyu na moja, na ule na ingine."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikadhani anazungumzia mikanda.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa afisa nikasema ukweli. Sikwenda. Nilipanda baiskeli, nikamrudisha mama kwake, nikapokea aksanti yangu.

Papa Damas aliachiwa baada ya karibu miezi tisa. Siyo kwa haki. Ilikuwa sikukuu fulani, wakatoa watu kidogo ili magazeti yaandike, na yeye jina lake likaangukia humo. Gereji ilikuwa imeshafungwa. Octave aliuza mpaka jeki ya mwisho, halafu akashangaa kwa nini hakuna wateja.

Nyumbani kwa mzee, mtaa wa Kikula, watu wakajaa. Bukari, samaki, mbuzi mmoja. Katekista Ambroise akasimama akamshukuru Mungu, kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Na uyu kijana," akasema, "kila dimanche, mvua, jua. Batu kama aba ni bachache."

Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Papa Damas alikuwa anatafuna nyama polepole, hakuinua macho.

Nilipoaga, Mama Marcelline akanisindikiza mpaka kwenye baiskeli yangu. Akashika usukani, nikadhani anataka kusema kwaheri.

"Aksanti, Isidore," akasema.

"Haina neno, mama. Ningefanya nini ingine?"

Akanitazama, bila hasira yoyote. Hasira ningeiweza.

"Damas aliniambia siku ya kwanza," akasema.

"Alikwambia nini, mama?"

"Kama ulisikia. Ulisikia yote."

Nyuma yetu watu wanacheka na kula. Nikasema hili tu:

"Basi mbona ulipanda kinga yangu, mama?"

"Ju Buluo iko mbali, na magoti inauma. Nilikuwa na lazima ya kinga. Sikuwa na lazima ya weye."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa nguo yake, akatoa rozari yake mwenyewe, ya zamani, nyeusi. Akaishika pale alipofikia.

"Kila dimanche nilishika shanga moja. Nilisema, leo atasema. Unakanyaga kinga, unanyamaza. Dimanche ingine, shanga ingine." Akanionyesha kidole kilipo, kwenye shanga ya thelathini na nane. "Trente-huit, Isidore. Na iyi rozari haina pengo."

Akarudi ndani kwa wageni wake. Nikabaki na baiskeli.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaonunua vipuri, hili ndilo ninalolijua baada ya miaka hamsini ya kazi hii. Usinunue boksi, nunua mkanda. Soma namba iliyo mgongoni mwa mkanda wenyewe. Laza wa zamani na mpya pamoja, angalia upana, angalia umbo la meno, halafu hesabu, yote miwili kwa kipimo kilekile. Mtu akikuambia wa zamani umevutika, mwambie jino halioti.

Nina kibanda changu cha vipuri hapa Likasi. Ukutani nimetundika ule uzi wa Papa Damas, shanga hamsini na nane. Vijana wanakuja na simu zao wananionyesha namba ya boksi, wanauona ule uzi, wanacheka. Nawaacha wacheke. Mimi nahesabu.

Octave nilimpima, nikamkuta mwongo. Mkubwa wa chama nilimpima, nikamkuta mtupu. Afisa nilimpima. Fundi wa breki nilimpima. Wote niliwapima kwa rozari moja, na nafsi yangu nikaipima kwa nyingine, tangu mwanzo wa kisa hiki mpaka hapa, na wewe umesoma ukicheka pamoja nami.

Papa Damas hayupo tena. Mama Marcelline naye hayupo. Afisa yule sijui aliishia wapi, na hakuna mtu aliyebaki wa kuniuliza tena lile swali.

Lakini nililisikia neno la mzee. Lote. Nililisikia na nikalielewa palepale, kabla sijagusa ule mkanda, na nikaufunga kwa sababu watu walikuwa bado wanacheka upande wangu.

Leo ni Jumapili. Nimesema.

Najua nimechelewa.